Kumfundisha Mtoto Nyumbani kwa Kufuata Namna Anavyojifunza

Mzazi anayefikiria kumfundisha mtoto wake nyumbani kwa kawaida huanza kwa kuuliza vitabu vinapatikana wapi na ratiba iweje. Maswali hayo yana mahali pake, lakini yanapaswa kutanguliwa na jingine ambalo wengi hulipita: mtoto huyu, jinsi alivyo, hujifunzaje? Mwongozo huu ni wa mzazi wa Uganda anayetaka kulijibu swali hilo kwa vitendo, na anayeuandika ni mama wa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, ambako mtoto husikia Kisamia jikoni, Kiswahili sokoni na Kiingereza redioni kabla hajajua kushika kalamu. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime. Kuheshimu namna mtoto anavyojifunza ni kumtazama kwa makini, kisha kubadili mlango wa kuingilia somo, mwendo wake na mpangilio wake, huku lengo likibaki palepale. Anayedhani kwamba ni kumwacha mtoto afanye apendavyo atakata tamaa kabla muhula wa kwanza haujaisha.

Wazazi wengi nchini waliionja kazi hii bila kuiomba. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Uviko-19 na, ukiacha vipindi ambavyo madarasa machache yaliruhusiwa kurudi, hazikufunguliwa kwa watoto wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Masomo yalitolewa redioni na kuchapishwa magazetini, na katika nyumba nyingi ikawa dhahiri kwamba watoto wa tumbo moja, waliolelewa kwa chungu kimoja, hawashiki somo kwa namna moja.

Sheria na mitihani kwanza

Kabla ya kununua hata daftari moja, fahamu unasimama wapi kisheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaifanya elimu ya msingi ya miaka saba kuwa ya lazima kwa mtoto aliyefikisha umri wa miaka sita, na miongoni mwa wajibu wa mzazi inataja kumwandikisha mtoto shuleni. Kwa hiyo usimtoe mtoto shuleni kimyakimya ukitumaini kwamba hakuna atakayeuliza. Nenda kwa afisa elimu wa wilaya, mweleze unachokusudia, umsikilize, na ukiweza upate majibu yake kwa maandishi. Kisha tafuta shule iliyo karibu, yenye kituo cha mtihani, ambayo mwalimu mkuu wake atakubali mtoto aandikishwe kwake, ahudhurie siku mtakazopatana na kufanya mitihani ya mwisho wa muhula pamoja na wenzake. Wako walimu wakuu watakaokataa, na wana haki ya kukataa, kwa kuwa matokeo ya mtoto wako yatahesabiwa katika jina la shule yao.

Mtihani wa darasa la saba husimamiwa na Bodi ya Taifa ya Mitihani, UNEB, na mtahiniwa husajiliwa kupitia kituo, miezi kadhaa kabla ya kuingia chumba cha mtihani. Masomo ni manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi, na Maarifa ya Jamii pamoja na dini. Kila somo hupewa alama kuanzia 1, iliyo bora, hadi 9, na jumla ya 4 hadi 12 ndiyo huhesabiwa kuwa daraja la kwanza. Kiswahili hakimo katika hayo manne, jambo ambalo sisi tunaokizungumza nyumbani hatuna budi kulikumbuka hata kama linatukera.

Sekondari ni habari nyingine. Mtaala mpya ulioanza na kidato cha kwanza mwaka 2020, na ambao watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, unataka asilimia 20 ya alama zitokane na kazi ambazo mwanafunzi amezifanya mbele ya walimu wake katika miaka hiyo. Mtoto anayesoma nyumbani peke yake atazipata wapi? Ndiyo maana nashauri wazazi waichukue elimu ya nyumbani kama kazi ya miaka ya msingi, na watoto waingie sekondari pamoja na wenzao.

Mtazame kabla ya kumfundisha

Wiki chache za mwanzo usizijaze masomo. Weka daftari moja kwa kila mtoto na uandike humo kila jioni unachokiona: ni kazi gani aliirudia bila kuambiwa, aliacha wapi, ilikuwa saa ngapi, alijaribu mwenyewe kabla ya kuuliza au aliuliza kabla ya kujaribu, na siku ya tatu alikumbuka nini katika yale aliyoambiwa siku ya kwanza. Andika matendo, usiandike hukumu. Ukiandika “mvivu” hutakuwa na la kufanya kesho yake. Ukiandika “aliacha kuandika alipofika mstari wa pili, akaomba maji, hakurudi, lakini maswali hayohayo nilipomuuliza kwa mdomo akiosha vyombo aliyajibu yote”, tayari umejua kwamba tatizo liko katika mkono unaochoka na kwamba akili yake imelielewa somo. Binti yangu wa pili alikuwa hivyo. Kwa muda tulitenganisha mambo mawili: maswali ya somo aliyajibu kwa mdomo, na mwandiko aliufanyia mazoezi peke yake, mistari mitatu kila asubuhi, kwa penseli nene. Mkono ulipopata nguvu tuliyaunganisha tena.

Hapa niseme neno juu ya mgawanyo ambao watu wengi huupenda, wa kusema kwamba mtoto huyu ni wa kujifunza kwa kuona, yule kwa kusikia na wa tatu kwa kushika vitu. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, wakiongozwa na Harold Pashler, waliupitia utafiti uliokuwapo kuhusu madai hayo, na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hufaulu zaidi akifundishwa kwa njia ya kundi alilowekwa. Kila mtoto ana anachokipenda, hilo halina ubishi, lakini mara nyingi somo lenyewe ndilo linaloamua njia: ramani ni ya kutazamwa, matamshi ni ya kusikilizwa, na kufunga mzigo kwenye baiskeli hakufundishwi kwa maelezo. Mtoto aliyeambiwa tangu utotoni kwamba yeye “si wa vitabu” atalishika neno hilo na kulitumia kila ukurasa unapokuwa mgumu. Kinachotofautisha watoto kwa kweli, na kinachostahili heshima ya mzazi, ni kile ambacho kila mmoja anakijua tayari, kasi yake, hamu yake, muda anaoweza kutulia na lugha anayofikiria ndani yake.

Kabla hujaamua lolote kuhusu mtoto anayechelewa kusoma, mpeleke apimwe macho na masikio. Kituo cha afya kitakuelekeza, na kwa sisi wa upande wa mashariki ipo hospitali ya rufaa ya Mbale. Mtoto anayesogeza kitabu hadi puani, au anayejibu swali ambalo hukuuliza, pengine hahitaji mbinu mpya ya kufundishwa hata kidogo.

Kusoma na kuandika

Anza na lugha ambayo mtoto anaota nayo. Serikali yenyewe, kwa mtaala ulioanza kutumika mwaka 2007, ilielekeza madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo na la nne liwe la kuvukia Kiingereza, na nyumbani una nafasi ya kulifanya hilo vizuri kuliko darasa lenye watoto themanini. Kiswahili na lugha nyingi za jirani zetu huandikwa kwa kufuatana sana na zinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto anayeijua sauti ya kila herufi anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona.

Mimi nilitumia vizibo vya soda. Kila kizibo kinaandikwa herufi moja kwa kalamu ya wino mzito, na irabu zinatengenezwa nyingi kuliko konsonanti kwa sababu ndizo zinazotumika zaidi. Kwanza mtoto ajue irabu tano, kisha m, halafu t. Kwa herufi hizo saba tu tayari anaweza kuunda mama, mimi, moto, tamu, mate na mtu, na anapoona kwamba maneno anayoyasema kila siku yametoka katika vizibo vyake, huna haja ya kumbembeleza. Mwanangu wa mwisho, asiyeweza kukaa kitako, vizibo vyake nilivitawanya uani: natamka “mo”, anakimbia kuokota m na o, anakuja kuzipanga kibarazani, kisha anakimbilia “to”. Dada yake alivipanga mezani, kwa rangi, bila kuinua kichwa. Kazi ilikuwa ileile, na kipimo kilikuwa kilekile.

Kipimo hicho ni muhimu, kwa kuwa watoto ni hodari wa kukariri kurasa nzima na kumfanya mzazi adhani wanasoma. Mpangie mtoto maneno yasiyo na maana, kwa mfano “temo”, “matimo” au “tumeta”. Akiyatamka sawasawa, anasoma. Akisita na kukutazama usoni akitafuta jibu, alikuwa anakumbuka tu, basi rudi kwenye silabi bila kumkaripia.

Kiingereza kitachukua muda mrefu zaidi, na si kosa la mtoto, kwa sababu katika lugha hiyo herufi moja hubeba sauti kadhaa na sauti moja huandikwa kwa njia kadhaa. Usilinganishe kasi ya lugha hizo mbili. Tangu mtoto akiwa mdogo zungumza naye Kiingereza kwa nusu saa kila siku, katika shughuli za kawaida, ili akifika hatua ya kukisoma maneno yawe yameshakaa masikioni mwake. Kama wewe mwenyewe hukijui vya kutosha, tafuta mtu anayekijua. Katika mambo ambayo mzazi hupenda kujidanganya, hili ni la kwanza.

Kila mnapomaliza kusoma, funga kitabu na umwombe asimulie. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, alijenga mfumo wake juu ya masomo mafupi na usimulizi wa namna hiyo, lakini mtoto aliyekulia karibu na bibi anayesimulia hadithi za sungura haoni lolote geni. Msikilize hadi mwisho bila kumsahihisha katikati. Anachokisahau leo muulize tena kesho, halafu baada ya wiki, kwa sababu kujilazimisha kukumbuka huimarisha kumbukumbu kuliko kusoma ukurasa uleule mara ya pili.

Hesabu za soko na hesabu za karatasi

Mtoto wa mpakani ana bahati katika hesabu. Katika Soko la Sofia hapa Busia shilingi ya Uganda na ya Kenya hubadilishana mikono siku nzima, na mtoto aliyetumwa kununua mukene, yaani dagaa, hujifunza mapema kwamba kukosea kubadili fedha ni kurudi nyumbani na kopo pungufu. Itumie bahati hiyo kwa utaratibu. Mpe noti ya shilingi 10,000 na orodha ya vitu vitatu ambavyo bei zake mnazijua, na kabla hajatoka aseme atarudi na kiasi gani. Akirudi, linganisheni. Ikiwa muuzaji amepandisha bei, mtoto aeleze tofauti imetoka wapi, na ikiwa hakujadiliana bei, hilo nalo ni somo, ingawa halimo katika mtaala.

Mchezo wa mweso pia ni mwalimu mzuri. Ubao wake una safu nne za mashimo manane, jumla 32, na mbegu 64. Anayetaka kushinda lazima ahesabu mbegu zitakapoishia kabla ya kuziinua, yaani ajumlishe kichwani na kuona mbele. Mtoto asiyependa kukaa na karatasi hukaa na mweso hadi giza liingie.

Lakini hapa ndipo wazazi wengi hukwama, na inafaa tukae hapo kidogo. Mtoto anayerudisha chenji bila kosa sokoni, ukimwandikia 7,400 toa 2,650, hushika kichwa. Dawa yake si kumrundikia mazoezi. Muulize kwanza angeifanyaje hesabu hiyo kama angekuwa nyuma ya meza ya kuuzia. Atakuambia, kama wauzaji wanavyofanya: kutoka 2,650 kufika 2,700 ni 50, kutoka hapo kufika 3,000 ni 300, kutoka 3,000 kufika 7,400 ni 4,400, jumla 4,750. Mwandikishe hatua hizo moja chini ya nyingine, kama alivyozisema. Siku nyingine, tena hesabu ileile, mwonyeshe njia ya shuleni ya kuazima kutoka tarakimu ya kushoto, hadi aone mwenyewe kwamba jibu ni lilelile. Njia ya soko ataitumia kuhakiki, na ya shule ataiandika katika mtihani, ambako msahihishaji huangalia hatua na jibu. Mtoto asilazimishwe kuitupa njia aliyokuja nayo ili apewe nyingine. Hili kwangu ndilo jaribio halisi la mzazi anayesema kwamba anaheshimu akili ya mtoto wake.

Sayansi na Maarifa ya Jamii hazinitii wasiwasi. Mihtasari ya masomo hutolewa na Kituo cha Taifa cha Kuendeleza Mitaala, NCDC, na sehemu kubwa ya yaliyomo, kuanzia mbu na malaria hadi udongo, mazao, mipaka na mito, iko nje ya mlango. Isome mihtasari hiyo mwanzoni mwa kila muhula, uone ni mada zipi mtoto ameshaziishi na zipi zinahitaji kitabu, halafu uendelee.

Ratiba, na nani atakaa na mtoto

Masomo mazito yafanyike wakati ambao daftari lako limeonyesha kwamba mtoto yuko macho, ambao kwa wengi ni asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Kwa mtoto wa miaka sita au saba, dakika 15 hadi 20 kwa somo moja zinatosha, kisha ainuke, akachote maji au alishe kuku, ndipo arudi. Wa miaka kumi na kuendelea anaweza kufika dakika 40. Saa tatu za namna hiyo, mtoto mmoja na mtu mzima mmoja, zina kazi nyingi ndani yake, na mchana ubaki kwa michezo, kusoma kwa hiari na kazi za nyumbani. Usiigeuze sebule kuwa darasa la bweni lenye kengele.

Ila mtu mzima huyo lazima awepo. Mzazi anayefungua kibanda saa kumi na mbili asubuhi na kufunga usiku, na nyumbani hakuna shangazi wala babu wa kukaa na mtoto, asijitwike mzigo huu. Shule nzuri ya karibu itamfaa mtoto wake zaidi. Familia mbili tatu zinaweza kusaidiana, mmoja akashika Hesabu na mwingine Kiingereza, lakini mkianza kukusanya watoto wa mtaa na kutoza ada mtakuwa mmeanzisha shule binafsi, na shule binafsi huhitaji kibali.

Baba na mama wakubaliane kabla ya kuanza, kwa sababu siku ya kwanza mtoto atakaposhindwa kusoma mbele ya wageni, asiyekubali ndiye atakayesema, “Si niliwaambia?” Majirani nao watasema. Mimi niliwahi kuulizwa na mama mmoja bombani, mbele ya binti yangu, “Dada, huyu mtoto ana ugonjwa gani hata haendi shule?” Kabla sijafungua kinywa, binti alimjibu kwamba yeye si mgonjwa na kwamba siku hiyo alikuwa amesoma habari za Mto Naili. Muandae mtoto kwa swali hilo, kwa maneno ya heshima, kwa sababu litaulizwa. Wala usimnyime wenzake: madrasa, shule ya Jumapili, timu ya mpira na binamu wa likizo ni sehemu ya masomo yake.

Wakati wa kumrudisha shuleni

Mwulize mtoto mwenyewe kila mwisho wa muhula kama anataka kuendelea, na jibu lake ulichukue kwa uzito. Akiomba shule mihula miwili mfululizo, mpeleke. Mpeleke pia ikiwa kila somo linaishia kwa ugomvi kati yenu, au ikiwa mitihani ya shule aliyoandikishwa inaonyesha kwamba hajasogea na wewe umeshabadilisha njia zote unazozijua.

Mtoto atakayefanya mtihani wa darasa la saba aanze kufanya karatasi za miaka iliyopita tangu darasa la sita, kwa muda uliopangwa na chini ya msimamizi asiye mzazi wake, kwani mtoto wa nyumbani amezoea kuuliza na kuinuka. Mwaka wa mwisho ni afadhali aumalizie shuleni kabisa. Siku ya kumpeleka, omba dakika chache na mwalimu wa darasa umweleze mambo mawili au matatu kutoka katika daftari lako: anapochoka hufanya nini, anashindwa wapi kwanza, na ni swali gani humrudisha kwenye kazi. Mwalimu mwenye watoto themanini hatasoma daftari zima, lakini mambo matatu atayakumbuka.